Viti vya Talaka

Nelda Hatcher na Royce Hatcher waliachana vizuri tu, kama kuachana kuna uzuri. Nelda alibaki na nyumba, Royce akachukua mashua na mbwa, na binti yao alishakuwa mtu mzima na kwake huko Texas, kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kugombea. Kilichowafikisha mbele ya hakimu ni viti viwili vya uwanjani.

Viti hivyo viko upande wa magharibi wa uwanja wa Chuo Kikuu cha Ledford, safu ya ishirini na mbili, usawa wa mstari wa katikati kabisa. Ukikaa pale unaiona timu ya Nyigu inavyojipanga hata kabla mpira haujatoka mikononi mwa mtu. Nyigu ndiyo timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi, na watu wa Pruitt, mji mdogo wa Alabama kilipo chuo chenyewe, huzaliwa nayo, huoana nayo na huzikwa nayo. Wapo waliozikwa na jezi. Viti vya safu ile havipatikani hivi hivi. Mwenye navyo huandikishwa tena kila mwaka mpaka afe au aviache mwenyewe, na walioko kwenye foleni wanaomba Mungu awajalie moja kati ya hayo mawili.

Royce alidai viti ni vyake kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma Ledford. Nelda akadai ni vyake kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama foleni mwaka ule vilipogawiwa, tumbo la miezi saba liko mbele, huku msomi wa Ledford yuko kitandani na mafua. Mawakili wakavutana wakachoka. Hakimu, mzee mmoja aliyekuwa na bendera ya Nyigu ukutani nyuma yake, aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema yeye hana ubavu wa kumnyima Mkristo yeyote kiti kile. Kila mtu achukue chake. Akagonga nyundo, akaenda kula.

Basi ikawa ndivyo. Miaka tisa watu wawili waliotalikiana wakawa wanakaa bega kwa bega kila Jumamosi ya msimu wa mpira. Wageni walidhani ni mke na mume walionuniana. Wenyeji hawakuona ajabu yoyote. Talaka ni talaka na kiti ni kiti.

Sasa, Jumanne ya wiki ya mechi ya mwisho ya nyumbani, Royce akamfuata Nelda kazini. Nelda alikuwa wa mapokezi kwa daktari wa meno, na alimwona tangu anaegesha gari, anajitazama kwenye kioo, anajipangusa shati. Akajua hapo hapo kuna jambo linakuja.

"Jino gani?" akamwuliza bila kuinua macho.

"Sina jino."

"Hilo nalijua siku nyingi. Nauliza linalouma."

Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akaficha uso kwenye gazeti. Royce akasogea karibu na meza, akashusha sauti.

"Nelda, naoa."

"Nimesikia. Hongera. Si yule Paulette, aliyehamia hapa kutoka Minnesota?"

"Ndiye." Akavua kofia. "Sasa nilikuwa naomba kitu kimoja. Kile kiti."

"Kiti gani?"

"Usijitie hamnazo, Nelda. Kiti chako. Mtu akishaoa anakaa na mkewe, si na mtalaka wake. Nimekutafutia mahali pengine, kona ya kaskazini. Pazuri, na kivuli kipo."

"Kona ya kaskazini! Kule mpira huuoni, unasimuliwa."

"Kaa ufikirie basi. Jumamosi baada ya mechi ofisi ya tiketi inaandikisha viti vya mwakani. Ukisema ndiyo, tunabadilishana pale pale, yanakwisha."

"Ng'o! Mpeleke bibi harusi wako akakae huko kwenye kivuli. Na kama huna jino, nipishe, kuna watu hapa wana meno."

Royce akaondoka ameshika kofia mkononi. Nelda akamwita mama wa gazeti, akampeleka chumba kisicho chake, akarudi akakaa.

Lieleweke jambo moja: Nelda hakumtaka tena Royce. Alishakuwa naye miaka ishirini na mitano na alijua kila kilichomo, kukoroma, ubahili, na ile tabia ya kumjibu mtu baada ya siku mbili. Akae naye Paulette, ale naye, amsikilize akikoroma, baraka tele. Ila kiti ni kitu kingine. Msimu wa kwanza baada ya talaka walikaa pale karibu kama mabubu. Wa pili wakaanza kusemezana mambo ya mpira peke yake, ya nje ya uwanja hapana. Na katika mambo hayo ya mpira Royce alikuwa na neno lake moja, "Unakumbuka?" Unakumbuka yule mpiga mateke, mtoto wa mchungaji? Unakumbuka ile siku refa alipokanyagwa na farasi? Na Nelda anakumbuka, na palipokosewa anasahihisha. Nani mwingine angemwuliza hayo? Binti yake mpira haujui. Dada zake wanashabikia Stroud, chuo cha mahasimu, Mungu awasamehe. Jambo unalolikumbuka peke yako ni kama umeliota, mpaka apatikane wa pili wa kusema, naam, na mvua ilikuwa inanyesha. Wa pili wake alikuwa mmoja tu hapa duniani, bahati mbaya ndiyo huyo huyo Royce. Mtu hawezi kuacha mbachao kwa msala upitao, na huu msala wenyewe ulikuwa kona ya kaskazini.

Jumamosi ikafika. Mechi ilikuwa na Stroud, na siku ya Stroud hakuna anayelala Pruitt. Kabla jua halijachomoza Dub Tidwell alishasimamisha hema lake kwenye maegesho, mahali pale pale anaposimamisha kila mechi, na pipa lake la kuchomea nyama linafuka moshi. Dub ni fundi mabomba, mtu wa mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alisoma na Royce, akamsimamia harusini, na mpaka leo anamwita Nelda shemeji kana kwamba ile nyundo ya hakimu haikugongwa.

"Shemeji huyo!" akapaza sauti alipomwona Nelda na bakuli lake la saladi ya viazi. "Karibu, karibu. Leo tuna kitimoto ya aina mbili. Moja hii hapa jikoni, nyingine iko safu ya ishirini na mbili."

"Dub, nyamaza," mkewe Earline akamkaripia.

"Nimesema nini? Nimesema nyama ya nguruwe!"

Kumbe habari imeshaenea. Nelda akaweka bakuli mezani na kuzungusha macho. Royce alikuwa amesimama upande wa pili wa hema, na kando yake mwanamke mrefu mwenye nywele fupi za mvi, amevaa fulana mpya ya Nyigu ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Ndiye Paulette. Nelda alijiandaa kumchukia, akakuta kazi ni ngumu, kwa sababu mwanamke yule alimjia moja kwa moja, akampa mkono wa nguvu.

"Bi Nelda, mimi ni Paulette. Huu mpira siujui hata kidogo. Nimeambiwa nikikosea nitatemewa mate."

"Ukikosea leo utatemewa. Siku nyingine unasamehewa."

Paulette akacheka sana, kicheko cha mtu asiyejali meno yake yanavyoonekana. Nelda akakasirika kwamba amempenda.

Kwenye hema la Dub kuna desturi moja ya siku ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Huiita kupanda sanduku. Sanduku la vinywaji na barafu hufungwa, na kila mtu kwa zamu hupanda juu yake akasimulia kumbukumbu yake bora ya Nyigu. Masharti ni matatu. Lazima uwe uliona kwa macho yako, habari za kusikia hazitakiwi. Ukitia chumvi kupita kiasi, yeyote aliyekuwepo siku hiyo ana haki ya kupiga kelele "Refa!", nawe ulazimike kusahihisha mbele za watu. Na ni mwiko kusimulia mechi tuliyofungwa. Anayesimulia kufungwa hunywa kikombe kizima cha maji ya achari, yale maji makali ya siki yanayobaki kwenye chupa matango yakishaliwa. Chupa yenyewe Dub huiweka mezani kabisa, ili watu waione wakumbuke.

Earline alianza. Akasimulia mwaka ule beberu wa Stroud, maana Stroud wana beberu hai wanayemtembeza uwanjani, alipokata kamba, akamvaa refa na kumeza kitambaa chake cha njano cha faulo.

"Refa!" Dub akaropoka. "Hakukimeza. Alikitafuna akakitema!"

"Alikimeza! Nilimwona koo likishuka!"

"Earline, mimi nilikuwa pale chini karibu naye. Kitambaa kilitoka. Kimelowa, lakini kilitoka."

"Haya, kilitoka," Earline akasema kwa shingo upande. "Ila refa hakukitumia tena." Hema zima likaangua kicheko.

Ikaja zamu ya Royce, na watu wakasogea, wengine na vikombe vyao mkononi, kwa sababu kisa cha Royce ni kile kile kila mwaka na wote wanakijua kwa moyo. Ni mwaka wa tisini na nane, na Stroud hao hao. Tuko nyuma pointi mbili, mvua inamwagika, sekunde zimekwisha isipokuwa tatu. Anaingia mtoto wa mchungaji kupiga teke la mbali ambalo hata baba yake na maombi yake yote asingeliamini. Mpira unapaa, unagonga ule mwamba wa goli, unaruka juu. Nelda kajifunika uso kwa kofia ya Royce. Anauliza humo ndani ya kofia, "Umeingia?" Na Royce anamjibu, "Bado unafikiria!" Hapo hema zima hupiga kelele pamoja, "Bado unafikiria!" Hata watoto wa Dub waliozaliwa baadaye husema hivyo. Gari likikataa kuwaka, nyama ikikawia kuiva, bado inafikiria.

Royce akapanda sanduku. Akaanza vizuri, mvua akainyesha, sekunde akazihesabu, mtoto wa mchungaji akamwingiza. Mpira ukapaa, ukagonga mwamba.

"Hapo mimi nimesimama," akasema Royce, na macho yake yakamkimbilia Paulette kidogo, yakarudi. "Na jamaa mmoja aliyekuwa karibu yangu akawa amejifunika uso, hataki kuona. Akaniuliza, umeingia? Nikamwambia, bado unafikiria!"

Hakuna aliyepiga kelele. Midomo ilikuwa imeshafunguliwa ikabaki hivyo. Paulette peke yake alicheka, akapiga makofi, kisha akaangalia huku na huku kuona kwa nini yuko peke yake. Earline alimkodolea Nelda macho. Dub alimkodolea Nelda macho. Kila mtu alikuwa anangoja neno moja, na haki ya kulisema ilikuwa yake.

Nelda hakulisema. Kwa ajili ya kile kiti alikuwa amejiandaa kupigana, ila hakujiandaa kwa hili. Jamaa mmoja! Alijua Royce hakufanya kwa ubaya, alitaka tu asimkwaze bibi harusi wake, na kujua hivyo hakukusaidia kitu. Kumbe mtu anaweza kukutoa kwenye maisha yako mwenyewe kwa adabu tu, kama anavyokusogezea kiti upite. Alisikia hasira, na chini ya hasira akasikia hofu.

"Haya, anayefuata!" Dub akadakia haraka. "Nani? Nani yuko tayari?"

"Mimi," akasema Nelda.

Akapanda. Sanduku likayumba, Dub akalishika.

"Yangu ni miaka tisa iliyopita," akaanza. "Msimu wa kwanza baada ya talaka. Tulicheza na kile chuo kidogo cha Tennessee ambacho nyinyi wote mlidhani tutakila kifungua kinywa."

"Shemeji, ngoja," Dub akamkatiza. "Ile si tulifungwa?"

"Arobaini na nne kwa tatu."

Watu wakaguna. "Achari! Achari!"

"Nitakunywa, mniache nimalize kwanza. Siku hiyo nilifika mapema, milango haijafunguliwa, ili nikae kabla Royce hajafika, akija anikute nimeshatulia kama mwenye mali. Naingia, namkuta yeye ameshakaa. Naye alikuwa na wazo hilo hilo. Nikakaa. Hatukusalimiana. Miezi saba tulikuwa hatujasemezana isipokuwa kwa mawakili."

Paulette alikuwa amesimama mikono kifuani, anasikiliza.

"Mpira ukaanza, tukaanza kupigwa. Ikaja mvua, ile ya baridi ya rasharasha. Robo ya tatu nyinyi wote mliondoka. Dub uliondoka. Earline uliondoka, nilikuona na mwavuli wako."

"Nilikuwa na homa," Earline akajitetea.

"Ulikuwa na aibu, kama wengine. Mimi nikajiapiza sitoki kabla yake. Nikitoka kwanza nimeshindwa, viti vyote vitakuwa vyake hata hakimu aseme nini. Kumbe na yeye kajiapiza. Tukakaa. Mechi ikaisha, wachezaji wakaenda, bendi ikaenda, tumekaa. Wakaja wafagiaji. Wakafagia safu ya juu, wakafagia ya chini, wakafagia mpaka kwenye miguu yetu. Mmoja akatuambia, jamani, mmefungwa, nendeni nyumbani. Ndipo Royce akafungua mdomo. Hakunitazama. Akasema, safu ya ulinzi imeoza. Nikamjibu, imeoza tangu mwaka jana. Tukainuka pamoja, mguu wake na mguu wangu, asishinde mtu."

Akavuta pumzi.

"Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu. Ushindi nimeuona mwingi, naushukuru. Lakini siku ile ndipo nilipojua kwamba nyumba inaweza kuvunjika na bado mtu ukabaki na mahali pa kukaa. Hakuna mwingine aliyeiona, nyinyi mlikuwa kwenye magari yenu. Tulikuwa wawili. Kama nimesema uongo, aliyekuwepo aseme refa."

Wote wakamgeukia Royce. Royce alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hajasema uongo," akasema mwishoni.

Nelda akashuka. Dub akamimina kikombe cha maji ya achari, na mkono wake ulisita kidogo, karibu amwondolee adhabu. Nelda akakinyang'anya, akakinywa chote, machozi yakamtoka kwa ukali wa siki. Angalau watu walidhani ni siki.

Paulette akamgeukia Royce.

"Royce. Yule jamaa aliyekuuliza kama mpira umeingia, alikuwa nani?"

"Ah, mambo ya zamani hayo, mpenzi."

"Sikuulizi ni ya lini. Nauliza alikuwa nani."

"Alikuwa Nelda."

"Refa," akasema Dub taratibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Paulette akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekamilisha hesabu. "Basi kile kiti mimi sikitaki. Nikikaa pale nitakuwa nimempakata mtu mwingine. Ile tiketi yangu ya leo ya kona ya kaskazini, jirani yake pana nafasi?"

"Kule? Kule viti havijai hata siku ya Stroud," akasema Royce. "Lakini Paulette, mimi kiti changu nina miaka thelathini na nne nimekikalia."

"Sijakwambia uhame. Nimeuliza kama nafasi ipo. Mimi naenda kukaa kule leo, na mwakani nitakuwa kule kule. Wewe kaa unapopenda, tutaonana kwenye gari."

Akasema hivyo bila kununa, akachukua kipande cha nyama, akala. Nelda, pamoja na siki yote iliyokuwa inamchoma, alitaka kucheka. Maskini mwanamke, hajui anamwambia nani. Huyu ndiye Royce ambaye binti yake alipozaliwa, siku ya Jumamosi, alikuja hospitali mechi ilipokwisha na jambo la kwanza aliloleta chumbani ni matokeo. Mama yake Nelda alipokuwa anakata roho, Royce alisema kwenye simu, imebaki robo moja tu, nakuja. Siku ya hakimu alikuwa radhi kutoa nyumba asitoe kiti, na nyumba akaitoa. Nelda alishamsamehe hayo yote. Alimsamehe kama unavyomsamehe kiwete kutokukimbia. Mungu alimwumba bila kile kitu, basi, utafanyaje?

Royce akauangalia uwanja, ambao majukwaa yake yanaonekana toka pale hemani. Akamwangalia Paulette anavyolamba mchuzi kidoleni.

"Nitakaa na wewe," akasema.

"Leo?"

"Leo na mwakani. Nikitoka nitapita ofisi ya tiketi kukiacha."

Akasema hivyo tu, akavaa kofia. Hakimu hakuhitajika, wala wakili. Hakubishana hata dakika moja.

"Shemeji, umeshinda!" Dub akamshika Nelda begani, akamtikisa. "Kiti ni chako! Nani kama wewe?" Earline akamkumbatia, na wengine wakaja kumpongeza, na Nelda akawa anasema asanteni, asanteni. Iliuma. Iliuma mahali ambapo talaka yenyewe haikufika. Kumbe aliweza. Miaka yote ile kumbe mtu huyu alikuwa anaweza kuinuka kwenye kiti.

Waliingia uwanjani mchana, jua limewaka vizuri. Nelda akapanda ngazi mpaka safu ya ishirini na mbili, akasalimia watu wa mbele na watu wa nyuma, akakaa. Kulia kwake walikaa mapacha wawili wanaofanya kazi benki, majirani zake wa siku zote. Kushoto kwake hapakuwa na mtu.

Mpira ulikuwa mtamu, kusema kweli. Stroud walitangulia, tukasawazisha. Kila Stroud walipotaka kucheza, uwanja wote ulivuma zzz kama mzinga uliochokozwa, na Nelda akavuma nao mpaka fizi zikamwasha. Robo ya pili, mpira ukamponyoka mtu wa Stroud, ukadunda kwenye kofia ya mtu, ukaangukia mikononi mwa lile jitu letu la safu ya mbele, kijana wa kilo mia na hamsini ambaye kazi yake ni kusukuma na hajawahi kushika mpira maishani mwake. Kijana akauangalia, akaona hapana la kufanya ila kukimbia, akakimbia. Alikimbia kama kabati linalohama nyumba, na hakuna aliyeweza kumwangusha. Alipovuka mstari watu walishachanganyikiwa. Nelda akageuka kushoto, mkono juu, mdomo wazi.

"Umeo..."

Akaushusha mkono.

Akatoa darubini yake ndogo mkobani, akaitafuta kona ya kaskazini. Haikumchukua muda kuwapata, kwa kuwa Paulette alikuwa peke yake amesimama anapiga kelele wakati mpiga mateke wetu anajiandaa, wakati ambao kila mtu Pruitt anajua unapaswa kunyamaza kama uko kanisani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Nelda alifanya kosa hilo hilo, na Royce alimvuta sketi akamkalisha chini, akamnunia mpaka Jumatatu. Sasa Royce alikuwa amesimama naye, kofia imerudi kisogoni, anacheka mpaka anashika tumbo.

Nelda akairudisha darubini mkobani, akafunga zipu. Teke likapigwa, likaingia. Akapiga makofi pamoja na watu.

Muda si mrefu mzee mmoja akaja anashuka kutoka safu za juu, goti moja halikunji sawasawa, uso umeiva kwa jua. Akasimama kwenye ngazi, akaegemea chuma, akakitazama kile kiti. Siku zote tangu Nelda apate viti vile watu walikuwa wakiuliza swali moja, kama kiti kile kina mtu, na siku zote aliwajibu, pana mtu, yuko njiani. Alilijibu Royce alipochelewa kwa foleni ya magari, alilijibu Royce alipokuwa mgonjwa na haji kabisa, na alilijibu hata ule msimu ambao walikuwa hawasemezani.

"Samahani, mama," akasema mzee. "Hapa pana mtu?"

"Hapana," akasema Nelda. "Kaa."